Mzinga wa Guka na Mzinga Wetu

Wasee, tuanze na neno moja: mzinga. Mimi na wewe tukisikia mzinga tunaona chupa ya mililita 750, ile mnachangia mkiwa wanne Ijumaa jioni. Guka wangu akisikia mzinga anaona gogo lililochongwa likawa wazi ndani, limeninginizwa kwenye mgunga, nyuki wanaingia na kutoka. Neno ni lile lile. Lakini kati ya mzinga wake na mzinga wetu kuna zaidi ya miaka mia moja ya sheria, misako na makaburi. Leo nataka tuiongelee hiyo miaka, juu naona tunaibeba bila kujua.

Mimi ni wa Kona Baridi, barabara ya Magadi, ukishapita Kiserian. Kama hujawahi kufika, ni pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa na upepo unakuchapa hadi unaelewa jina lilitoka wapi. Watu wa Nairobi huja huku wikendi kula nyama choma na kupiga picha. Mamangu ni Mkikuyu, babangu Mmaasai, na huku hiyo si ajabu. Kwa hivyo habari za pombe ya asali nimezisikia pande zote mbili tangu nikiwa mdogo. Kuzisikia tu. Kuonja ni stori nyingine, nitaifikia.

Kwanza uelewe venye inatengenezwa. Asali yenyewe haichachi, hata uiweke miaka. Karibu asilimia 80 yake ni sukari, maji ni kidogo mno, na hamira haiwezi kufanya kazi humo. Ukiizimua na maji, hapo ndipo mambo yanaanza. Lakini unahitaji hamira, na wazee hawakuwa na pakiti za dukani. Wakikuyu walitumia lile tunda refu kama soseji kubwa, muratina, ambalo ndilo lililoipa pombe jina. Linapasuliwa, linachemshwa, linaanikwa juani hadi likauke, kisha linalowekwa kwenye asali na maji. Pombe ikiiva, tunda linatolewa na kuanikwa tena. Hamira inabaki imejificha kwenye nyuzi zake, ikingojea pombe ijayo. Guka anayo matunda yaliyopikia sherehe kabla sijazaliwa. Wamaasai upande wa baba hutumia mizizi ya mshubiri, wanaouita osuguroi. Kibuyu kinawekwa karibu na moto, na baada ya siku kadhaa kinaanza kunguruma chenyewe.

Sasa sikiza, hii ndiyo sehemu muhimu. Pombe iliyochachuliwa ina breki ndani yake. Ikifika kilevi cha asilimia kumi na kitu hivi, hamira inakufa kwa kile kile ilichokitengeneza. Huwezi kupata pombe kali ya asilimia 40 kwa kibuyu peke yake, lazima uivukize kwa moto na mfereji. Breki ya pili ilikuwa asali. Asali ina msimu. Wamaasai wengi waliipata kwa kubadilishana na Iltorrobo, watu wa msituni waliojua nyuki kuliko yeyote. Hakuna asali, hakuna pombe, na hakuna wa kumlalamikia.

Breki ya tatu ilikuwa watu. Umorani ni nguvu na ujana, lakini moran hakuruhusiwa kugusa pombe. Ilikuwa ya wazee. Kwa Wakikuyu vile vile, kijana hakukaa na pembe ya njohi mkononi. Ulingoja hadi uwe na nyumba, watoto na sauti barazani. Na haikunywewa tu juu ni Ijumaa. Kulikuwa na sababu: baraka, tohara, kupatanisha waliogombana, ruracio. Wazee wa Kimaasai walibariki watu kwa kuwatemea pombe ya asali. Kwenye ruracio binti aliulizwa mbele ya watu kama babake ainywe njohi iliyoletwa. Akikataa, shughuli imeisha. Hebu fikiria: pembe moja ya pombe ilikuwa ndiyo fomu ya kukubali ndoa. Watafiti wa mwanzo wa karne ya 20 waliandika kwamba Wamaasai walimchagua mwanaume na mwanamke wa kuipika, na hao wawili walipaswa kujizuia kimapenzi kwa siku mbili kabla na muda wote pombe ikiiva, siku kama sita. Kitu kikiwa na masharti hivyo, si kitu cha mchezo.

Sisemi maisha yalikuwa matamu. Walevi walikuwepo. Na utaratibu huo ulikuwa wa wazee wa kiume, wanawake wakiambulia kazi nyingi na sauti kidogo. Ninachosema ni kwamba utaratibu ulikuwepo, na kila mtu aliujua.

Halafu akaja mkoloni. Mwaka 1890, mataifa makubwa yalikutana Brussels na kutia sahihi mkataba uliozuia pombe kali kuuziwa Waafrika sehemu kubwa ya bara hili. Ukisoma haraka unaweza kudhani walitujali. Kisha mwaka 1912 sheria ya utawala wa wenyeji hapa Kenya ikawapa machifu mamlaka ya kuzuia na kupunguza utengenezaji wa pombe ya kienyeji. Ona kilichobadilika hapo. Kabla, anayekuambia usinywe ni mzee wa ukoo wako, mtu unayemwonea aibu. Sasa anayekukataza ni chifu anayelipwa na serikali, mtu unayemkimbia. Aibu na woga si kitu kimoja. Ukiwa na aibu hunywi. Ukiwa na woga unakunywa, ila unajificha.

Na wakati huo huo biashara inaendelea. Mwaka 1922 ndugu wawili wazungu, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi na wenzao. Mwaka uliofuata George akauawa na ndovu akiwa mawindoni, na ndiyo maana bia yetu maarufu inaitwa Tusker. Hiyo stori kila mtu anaijua. Ambayo hatuambiwi sana ni kwamba hadi 1947 Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kununua hiyo bia ya chupa. Pale Pumwani, kaunsili ya Nairobi iliendesha vilabu vyake vya pombe ya kienyeji na kutumia faida kulipia huduma za Waafrika. Yaani mama akipika nyumbani anakamatwa, kaunsili ikiuza ni maendeleo. Shida haikuwa pombe, ilikuwa nani anapata pesa.

Ungedhani uhuru ungebadilisha haya. Haukubadilisha. Mwisho wa miaka ya 1970 serikali ya Rais Moi ilifunga vilabu vya pombe za kienyeji, na mwaka 1980 ikaja sheria maalum ya kupiga marufuku chang'aa. Kwa mdomo wa serikali, busaa, muratina, mnazi na chang'aa vikawa familia moja.

Hapa ndipo guka anaingia. Miaka ya 80 alipika muratina ya ruracio ya shangazi yangu. Wageni wako njiani, kibuyu kiko jikoni, chifu akafika na askari. Walimwaga yote uani. Guka alilala ndani usiku mbili, akalipa faini. Lakini akisimulia, kinachomuuma si faini. Kinachomuuma ni kwamba alimwagiwa mbele ya wakwe, na mmoja wa wale askari alikuwa ananuka chang'aa. Baada ya hapo, wazee wengi wa huku waliacha kupika. Vijana waliokuja nyuma yao hawakuacha kunywa. Walihamia tu kwenye kitu kinachofichika kwa urahisi.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Muratina inachukua siku kadhaa, inanuka, inajaza kibuyu kikubwa. Huwezi kuificha. Pombe kali inaingia kwenye chupa ya soda. Ukikimbiza pombe zote kwa rungu moja, inayobaki ni ile inayokimbia kasi, na hiyo huwa ndiyo kali zaidi. Halafu anakuja mtu mwenye haraka ya pesa, anaongeza methanoli ya viwandani juu ni rahisi. Methanoli ina ladha na harufu karibu sawa na pombe ya kawaida, lakini mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu neva za macho. Unapofuka kwanza. Kisha unakufa.

Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi kutoka Mukuru, baada ya kunywa ile iliyoitwa kumi kumi. Mwaka 2010 bunge likapitisha sheria tunayoiita ya Mututho. Iliondoa marufuku ya chang'aa na kutaka pombe zote ziwe na leseni, vipimo na chupa. Wazo zuri, lakini mama wa kijijini mwenye kibuyu kimoja atatoa wapi pesa za maabara na mtambo? Mwaka 2014 makumi walikufa tena, Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024, Kirinyaga, watu 17.

Sikuwa nataka kuandika sehemu hii, lakini bila hiyo nitakuwa nawapigia domo tu. Binamu yangu, tumepishana mwaka mmoja, alinunua kachupa ka bei ya chini mahali fulani 2023. Asubuhi aliamka akauliza mbona stima zimepotea. Ilikuwa saa nne, jua limewaka. Alipona, lakini macho hayakurudi. Sai ana miaka 24 na anatembea akishika bega la mamake. Wakati huo mimi nilikuwa nimeacha chuo tayari, niko nyumbani, na mara nyingi tulikuwa tunakunywa pamoja. Siku hiyo nilikosa tu pesa ya kuchanga. Hiyo tu ndiyo tofauti kati yangu na yeye.

Guka alipoenda kumwona hakusema mengi. Alirudi akaniita kando, akaniambia, "Pombe haikuwa inauzwa na mtu asiyekujua jina."

Nimeifikiria hiyo sentensi karibu kila siku. Zamani aliyekupa pombe alikuwa anajua wewe ni mtoto wa nani, na ukianguka ni yeye ataulizwa. Leo anayekuuzia hajui jina lako, na wewe hujui lake. Sheria ilivunja uhusiano huo, halafu haikuweka kingine mahali pake isipokuwa msako.

Najua komenti zinakuja: kwa hivyo unatetea pombe? Hapana. Muratina pia hulevya. Na nyingi ya inayouzwa siku hizi kwa mitungi ya plastiki ni sukari ya duka na vitu ambavyo muuzaji mwenyewe hawezi kukutajia. Ninachokataa ni lile neno moja, "pombe haramu", linalomweka mzee mwenye kibuyu cha ruracio sawa na muuaji mwenye pipa la methanoli. Ukiwaita jina moja, utamkamata aliye rahisi kukamatwa, na huyo ni mzee.

Angalia Ethiopia. Wao hutengeneza pombe ya asali pia, tej, wakitumia mmea wa gesho. Nchi hiyo haikukaliwa na mkoloni, ukitoa ile miaka mitano ya Waitaliano, 1936 hadi 1941. Leo ukienda Addis Ababa, tej ina nyumba zake na chupa yake maalum ya kioo, na watu wanajivunia. Sisi yetu tunaitafuta kwa kunong'ona.

Mwaka 2025 serikali ilitoa sera inayotaka umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21, na mtandao mzima ukawaka. Nilicheka kidogo. Kwa sheria za guka, 21 ni mtoto. Mimi mwenyewe, niliyeandika haya yote kuhusu muratina, sijawahi kuonja yake. Krismasi iliyopita nilimwomba. Akaniangalia, akaniuliza nina mke? Hapana. Mtoto? Hapana. Kuna mtu huja kwangu nimsuluhishie ugomvi? Hapana.

"Basi kunywa chai," akasema.

Nikanywa chai. Binamu yangu alikuwa kando yangu, naye akashikishwa kikombe chake. Nilikasirika kwa dakika mbili hivi. Halafu nikagundua kwamba katika maisha yangu yote, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kuninyima pombe. Wauzaji wote niliowahi kununua kwao hakuna aliyeniuliza hata umri.

Kwa hivyo Ijumaa mkichanga ya mzinga, ulizeni tu swali la guka kabla ya kufungua: huyu aliyetuuzia anatujua majina?