Uwambo, si mvuto

Mama mmoja jirani yangu hapa Milanzi alinijia na karatasi ya hospitali mkononi. Mwanawe alikuwa ameanguka na bodaboda na kuvunjika mfupa wa paja, na karatasi ilisema kijana "yuko kwenye mvuto". Akaniuliza, "Mwalimu, huo mvuto kawekewa na nani?"

Swali lake lilikuwa sahihi. Mvuto anaoufahamu ni ule wa waganga: mvuto wa biashara, mvuto wa mapenzi. Nasi tunaishi Sumbawanga, mji ambao jina lake hufasiriwa kwa Kifipa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Kamati ya istilahi iliyochukua kitenzi vuta, ikakibandika kiambishi na kuona kazi imekwisha, haikumfikiria mama huyu. Wengine, kwa kutaka kurekebisha, wametuletea "mvutano", neno ambalo magazeti yameshalitwaa kwa ugomvi na walimu wa fizikia kwa nguvu ya dunia.

Hata uganga usingekuwapo, neno mvuto lingebaki na kasoro. Kinachovutwa huja kwa anayekivuta. Paja lililovunjika halitakiwi kwenda popote. Misuli yake hujikaza, ncha za mfupa zikapandana, mguu ukawa mfupi; tiba ni kuukaza kwa pande mbili na kuuacha vivyo hivyo. Mzigo huning'inia kwenye kamba iliyopita juu ya kapi, kitanda huinuliwa upande wa miguuni, na mwili wa mgonjwa mwenyewe hushikilia upande wa pili.

Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo hasa, nacho ni wamba. Ngozi ya ngoma huwambwa. Kitanda cha kamba huwambwa. Humo ndimo kilimotoka kiwambo, ile ngozi iliyokazwa hata ikalia, na ndugu yake kiwambaza, ukuta wa fito na udongo. Wazee walipotunga methali kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, walikwisha kuyapambanua maneno haya mawili ambayo wataalamu wetu wameshindwa kuyapambanua: kuvuta ni tendo la mkono mmoja, kuwamba ni kazi nzima. Avutaye peke yake hapati ngoma. Basi nasema uwambo: uwambo wa ngozi, pale bandeji inapogandishwa mguuni, na uwambo wa mfupa, pale pini ya chuma inapopitishwa kwenye mfupa wenyewe.

Anayedhani nimelazimisha mfano wa ngoma na alitazame gango la Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyezaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales na kufariki mwaka 1891. Pete hukaa kwenye kinena, vyuma viwili hushuka kando ya mguu, na kamba hufungwa mwishoni na kukazwa. Hiyo ni fremu, na mguu umewambwa ndani yake. Gango hilo liliokoa maisha ya askari wengi katika Vita Kuu ya Kwanza.

Niliwahi kupeleka neno hili mbele ya wenye mamlaka ya kuidhinisha. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: kuwamba ni neno la msalabani, litawatisha wagonjwa. Jibu hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu aliyeliandika hakutaka kufikiri. Ni kweli kwamba Kiswahili husema kuwambwa msalabani, na Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wanaolijua neno hilo tangu utotoni. Lakini hapo panathibitika tu kwamba kitenzi hiki kimezoea mwili wa mtu tangu zamani. Sulubu ina kitenzi chake, sulubisha. Wamba hueleza viungo vilivyonyooshwa na kushikiliwa, nasi hatuhitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu matumizi, nasema kwa ufupi: uwambo wa ngozi usizidi kilo 5, ngozi isije ikachubuka; uwambo wa mfupa kwa paja la mtu mzima hukadiriwa kuwa sehemu ya 10 ya uzito wake.

Yule mama nilimrudishia karatasi yake nikamwambia, "Mguu wa mwanao umewambwa, kama ngozi ya ngoma, ili mfupa usipandane." Aliitazama karatasi tena, akaikunja.

"Kwa wiki ngapi?" akauliza.