Fidla, Gitaa na Mwenye Vyombo: Muziki wa Harusi Morogoro

Historia ya muziki wa Morogoro kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mabendi mawili. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikaja nyuma yake, na mji ukagawanyika kwa ushabiki kama nchi inavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Salum alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1965, Juma Kilaza akaichukua Cuban Marimba. Upande wa pili Mbaraka Mwinshehe akaipaisha Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akajitoa mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, kisha akafa kwa ajali ya gari pwani ya Kenya Januari 1979. Baada ya hapo, wasimulizi husema, mji ukanyamaza, na wanamuziki waliobaki wakawa watu wa kukodiwa harusini, leo hapa, kesho pale, wakisubiri simu. Nakubaliana na tarehe zote hizo. Nisichokikubali ni mteremko unaodaiwa kuwamo ndani yake. Kupiga muziki kwenye sherehe za watu kulikuwapo kabla ya bendi yoyote ya Morogoro, kukazilisha bendi hizo zilipokuwapo, na kumebaki zilipokufa. Kama kuna kitu kilichobadilika na kumwumiza mwanamuziki, tukitafute kwenye umiliki wa chombo anachokipiga.

Tuanzie milimani Uluguru. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwao shughuli kubwa ya binti haikuwa ndoa peke yake. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa, na siku ya kutolewa mwali ndiyo iliyokusanya ukoo, majirani na watani, kwa pombe, chakula na ngoma. Shughuli za namna hiyo zilifuata mavuno, maana bila chakula ghalani hakuna wa kualika watu. Kwa hiyo mpiga ngoma wa Matombo au wa Kinole alikuwa mkulima kwanza. Alipiga katika miezi ya kiangazi, akalipwa kwa kula, kunywa na chochote alichotunzwa, kisha akarudi shambani mvua zilipokaribia. Hakuna aliyemwona kuwa mwanamuziki aliyeanguka. Alikuwa mtu mwenye ujuzi unaohitajika kwa msimu. Sifa mbili za maisha yake, msimu na kulipwa shughuli kwa shughuli, ndizo hizo hizo za mpiga deiwaka, yaani wa kukodiwa kwa siku, wa leo mjini. Tofauti ni kwamba huyu wa leo mara nyingi hana shamba la kurudia.

Kilichovunja mpango huo kwa muda kilikuja kwa reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na bonde kuanzia hapo hadi Kimamba na Kilosa likajaa mashamba ya mkonge. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, walitoka mbali, hawakuwa na mavuno yao wala ukoo wa kuwatolea mwali. Walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Watu wa namna hiyo, pamoja na makarani, mafundi wa reli na wafanyabiashara wadogo, ndio waliowezesha ukumbi wa dansi wenye kiingilio mlangoni. Hapo muziki ukaanza kufuata kalenda ya mshahara. Huo ndio msingi wa kiuchumi wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba, na ni msingi uliodumu kwa umri wa kazi wa mtu mmoja tu. Uzalishaji wa mkonge nchini ulifika kilele chake mwaka 1964, takriban tani 230,000, kisha nyuzi za plastiki zikaanza kuuporomosha. Viwanda vya mjini vilitarajiwa kujaza pengo la mishahara; kile cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi kufika hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Bendi inayoishi kwa kiingilio haiwezi kuishi muda mrefu kuliko mishahara ya wanaoingia. Kwa hiyo swali la kwa nini mabendi ya Morogoro yalififia halihitaji sana jibu la kuporomoka kwa maadili ya vijana, wala la disko peke yake.

Morogoro haukuwa mji wa fidla. Ulikuwa mji wa gitaa. Lakini ili kuona gitaa lilimfanya nini mwanamuziki wake, inafaa kulitazama kutoka upande wa fidla, yaani kutoka pwani. Taarabu ya Unguja ilikua chini ya kivuli cha jumba la Sultani Barghash, ikapata klabu yake ya Ikhwani Safaa mwaka 1905, ikapata sauti ya Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Hiyo ndiyo taarabu ya heshima, yenye ala za kanuni na udi, safu ya fidla na wapigaji waliovaa sare. Chini yake, katika mitaa ya Ng'ambo na vijijini, kulikuwa na mdogo wake, kidumbak: fidla moja, sanduku la besi, ngoma mbili ndogo za udongo, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa. Mwenye harusi asiyeweza kuwaita klabu nzima aliita kidumbak, na mara nyingi aliwapata wapigaji wale wale, bila sare. Makame Faki, aliyeitwa Sauti ya Zege, alikuwa jina kubwa la Culture Musical Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1958, na alikuwa pia jina kubwa la kidumbak. Hakuhitaji kuchagua moja.

Liliwezekanaje hilo? Umaskini wa mwenye harusi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ukubwa wa chombo. Fidla hubebwa mkononi, haitaki umeme, hurekebishwa na mpigaji mwenyewe, na sauti yake hupenya kelele za uani bila spika. Anayeimiliki anamiliki kazi yake yote. Akigombana na klabu huondoka na mkoba wake, na kesho yake anaweza kusikika nyumba ya tatu kutoka hapo. Anayemkodi hamkodi mwenye mali fulani aliyemwajiri, anamkodi yeye.

Mpiga gitaa wa Morogoro alianza karibu na hali hiyo, kwa gitaa kavu. Kufikia miaka ya 1960 gitaa la umeme lilikuwa limeshika, na gitaa la umeme peke yake ni ubao tu. Linahitaji amplifaya, spika, maikrofoni kwa mwimbaji, besi ya kulingana nalo, na gari la kubebea vyote hivyo hadi Kilosa au Ifakara. Mzigo huo ukapewa jina moja, vyombo, na aliyekuwa navyo akawa mtu mpya katika historia ya muziki wetu: mwenye vyombo. Anaweza kuwa klabu, mfanyabiashara wa baa, chama cha wafanyakazi, jeshi au kiwanda. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Jeshi la Kujenga Taifa na Polisi walikuwa na zao. Huko mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi, jambo zuri, lakini alishika gitaa lililoandikwa kwenye daftari la mali za ofisi. Kuondoka Morogoro Jazz, kwa mtu wa hadhi ya Mbaraka mwaka 1973, kulimaanisha kwanza kupata vyombo vingine. Aliweza kwa kuwa alikuwa Mbaraka. Wapigaji wa ridhimu na tumba waliokuwa nyuma ya mabwana wakubwa wa siku zile, na ambao historia haiwataji, hawakuweza; wao walihama kutoka kwa mwenye vyombo mmoja kwenda kwa mwingine, na sisi mashabiki tukauita uhamisho huo usaliti.

Pingamizi la kwanza lenye nguvu ni kwamba klabu nyingi za jazz hazikuwa na bosi. Zilianza kama vyama vya vijana waliochanga, wakanunua ala kwa pamoja, wakachagua mwenyekiti na katibu. Ni kweli, na umiliki wa pamoja si sawa na kumilikiwa. Lakini mali ya wote ina tabia yake: haigawanyiki. Mwanachama aliyechanga miaka kumi na kisha akatoka hakuondoka na robo ya spika. Mchango wake ulimfungia ndani kama vile mshahara ulivyomfungia mwenzake wa NUTA. Na zilipofika siku za uhaba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokosekana hata kwa dawa, amplifaya iliyoungua haikuwa na mbadala. Klabu ikafa pamoja na mali yake, na wanachama wakatoka mikono mitupu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na silimalizi lote. Kazi kubwa za muziki wa Morogoro, zile zilizorekodiwa Redio Tanzania na Nairobi, zilitoka kwenye mabendi. Hazikutoka kwa watu wa kukodiwa. Bendi hukaa kambini, hufanya mazoezi mchana, hutunga, hujaribu kipande kwenye ukumbi na kukirekebisha wiki inayofuata. Mpiga wa harusi hupewa orodha ya nyimbo zinazopendwa na bibi harusi, na hakuna anayemlipa kwa kutunga. Hata Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haimpi haki ya mtunzi, kwa sababu anachopiga ni cha wengine. Nakubali. Ninachosema ni kwamba ubora ule ulinunuliwa kwa bei fulani, na bei hiyo ililipwa na wapigaji wa nyuma. Tena bendi zenyewe hazikuidharau harusi: shughuli ya familia yenye uwezo ilikuwa fedha ya uhakika, wakati kiingilio cha mlangoni kilitegemea mvua na tarehe ya mshahara.

Linabaki pingamizi ambalo mpenzi wa fidla hapendi kulisikia. Kama chombo kidogo ndicho kinachomlinda mpigaji, kwa nini fidla yenyewe imekaribia kutoweka harusini bara? Jibu ni kinanda cha umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na vikundi vya taarabu ya kisasa kama East African Melody vikaweka kinanda mahali pa safu nzima ya nyuzi. Kitufe kimoja hutoa sauti ya fidla, kingine ya akodiani, na ngoma hujipiga zenyewe. Kinanda ni kidogo pia, na mpigaji anaweza kukimiliki. Kwa hiyo kwa mtu mmoja hoja yangu inasimama: mpiga kinanda mwenye kinanda chake ndiye mrithi wa mpiga fidla, huru vile vile, na pengine na kipato kizuri zaidi. Kwa wengine sita waliokuwa wakikaa naye jukwaani haisimami. Uhuru wake ulijengwa juu ya nafasi zao. Kudai kwamba chombo kidogo humkomboa mwanamuziki bila kuuliza ni wanamuziki wangapi kitawatosha ni kusema nusu ya jambo.

Hali ya sasa Morogoro inaonyesha mambo hayo yote kwa pamoja. Harusi ya mjini huendeshwa na kamati, na kamati hukusanya michango, hupanga bajeti na kumtafuta mshereheshaji. Fungu la muziki hupangwa wiki kadhaa kabla, na kiasi chake huandikwa. Zamani sehemu ya pato ilitoka mikononi mwa wageni, noti kwa noti, kwa kumtunza anayeimba, na mpigaji aliye nyuma akasubiri mgao. Kamati imempa mwanamuziki uhakika wa bei na advansi, ikamwondolea nafasi ya usiku mmoja wa bahati. Matarumbeta, yanayosindikiza magari ya maharusi barabarani, ndiyo yanayokaribia zaidi maisha ya kidumbak: ala za kubebwa, hazitaki umeme, na kundi hupungua au kuongezeka kulingana na fedha. Ila mara nyingi tarumbeta zote ni za kiongozi, na kijana anayepuliza huondoka na posho ya siku. Tumerudi kwa mwenye vyombo kwa mlango mwingine.

Na msimu umerudi pia. Waislamu kwa kawaida hawafanyi harusi Ramadhani, Wakatoliki huziepuka Kwaresima. Mji wenye dini zote mbili kwa wingi kama Morogoro humpa mpiga deiwaka njia ya kuziba mwezi wa huyu kwa sherehe ya yule. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo husogea kila mwaka, na mara nyingine vipindi hivyo hupandana: mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 ya mwezi huo huo. Mkulima wa Mgeta aliye na kabichi na njegere za kupeleka Dar es Salaam huvuka mwezi kama huo bila shida. Mwanamuziki asiye na shamba hutafuta shughuli kwingine, na hapo reli imemrudia kwa sura nyingine, kwani treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 huifanya safari hiyo kwa chini ya saa mbili. Mwenye kinanda au tarumbeta yake anaweza kukubali harusi ya Kinondoni na kulala kwake Kihonda siku inayofuata. Mpiga besi anayetegemea spika za mtu hupanda treni hiyo mwenye spika akipenda.