Jina la Mtunzi katika Programu Huria: Kisa cha Berkeley

Mtunzi wa utenzi wa Kiswahili, afikapo kwenye beti za tamati, aghalabu hulitaja jina lake, na pengine jina la baba yake na mji wake, ndipo akaweka kalamu chini. Desturi hii haikuwa majivuno. Nakala ziliandikwa kwa mkono zikapita nyumba hata nyumba, na kila mnakili aliweza kuongeza au kupunguza. Lakini jina lililofungwa ndani ya vina na mizani halikuwa jepesi kuling'oa. Tunayaanza makala haya kwa desturi hiyo kwa kuwa jambo tunalokusudia kulieleza, ingawa lilitokea mbali na pwani yetu, lazaliwa na swali lile lile: kazi ipitayo mikononi mwa wengi ni mali ya nani, na aliyeitenda atajulikanaje?

Kazi yenyewe ni programu za kompyuta. Programu ni maandishi, nayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huihesabu pamoja na vitabu. Huitwa programu huria ile ambayo maandishi yake hutolewa wazi, ili atakaye ayasome, ayarekebishe na kuyagawa kwa kufuata leseni yake. Wengi hudhani kwamba kitu kilichotolewa hivyo hakina mwenyewe. Sivyo. Leseni hiyo hupata nguvu yake katika hakimiliki, kwani asiyemiliki kitu hawezi kukiwekea masharti.

Mnamo mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, watumishi wa maabara ya Bell ya kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, walianza kuutunga mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Unix. Vyuo vikuu vilipewa mfumo huo kwa leseni, pamoja na maandishi yake, na katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley wanafunzi na walimu wakaanza kuuongezea mambo mapya. Mwanafunzi mmoja, Bill Joy, alizikusanya nyongeza hizo katika miaka ya mwisho ya 1970, akazisambaza kwa jina la BSD. AT&T nayo ikachukua baadhi ya kazi za Berkeley na kuzitia katika mfumo wake. Ikawa kama mkeka uliosukwa na watu wawili. Ukindu wa huyu na ukindu wa yule ulikuwa shida kuutenga.

Bei ya leseni ya AT&T ilikuwa ikipanda. Hivyo mwezi wa Juni 1989 Berkeley ilitoa peke yake ile sehemu ya kuunganisha kompyuta, iliyoandikwa na watu wake. Utepe mmoja ulikuwa dola 1,000, lakini aliyeupata aliruhusiwa kumpa mwenziwe bure. Sharti lilikuwa kuliacha tamko la hakimiliki mahali pake, na kukiri kwamba kazi ilitoka chuoni.

Hapo Keith Bostic, mmoja wa kundi la Berkeley, akaleta shauri ambalo wenziwe waliliona gumu mno: mamia ya programu ndogo ndogo za Unix ziandikwe upya na watu wa kujitolea, bila kutumia maandishi ya AT&T. Ujira wao? Jina la mtu kuandikwa katika orodha ya wachangiaji, mkabala na programu aliyoitunga. Basi! Mwanzoni zilikuja zile nyepesi tu. Kisha orodha ikarefuka, watu wakaona haya kukosekana humo (hivyo ndivyo tunavyodhani sisi), na katika muda wa miezi 18 karibu programu zote muhimu zilikuwa zimekwisha kuandikwa upya.

Yafaa tulitazame kwa makini agano hilo. Juu ya faili kama hizo, mstari wa kwanza uliwataja Wakuu wa Chuo kuwa ndio wenye hakimiliki. Chini yake ndipo lilipokuja jina la aliyechangia. Mali ilikwenda kwa chuo, heshima ikabaki kwa mtu. Linus Torvalds wa Finland, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alikwenda njia nyingine: kila mchangiaji alibaki na hakimiliki ya kipande chake. Njia hiyo ni ya haki zaidi, lakini ina uzito wake, maana kubadili leseni ya kazi nzima kwahitaji idhini ya maelfu ya watu, na baadhi yao wamekwisha kufariki.

Mwaka 1992 USL, kampuni tanzu ya AT&T, iliishitaki kampuni iliyokuwa ikiuza mfumo uliotokana na kazi ya Berkeley, kisha ikakiunganisha chuo chenyewe katika shitaka hilo. Chuo hakikunyamaza. Nacho kilifungua kesi, kikidai kwamba USL ilikuwa imetumia kazi ya Berkeley bila kukiri kama leseni ilivyoagiza. Na tazameni kilichoombwa: vitabu vyote vya maelezo vichapwe upya vikiwa na shukrani ipasayo, na tangazo la ukurasa mzima litolewe katika magazeti makubwa ya biashara. Mapema mwaka 1994 pande mbili zilipatana. Katika faili 18,000 zilizogombewa, 3 ziliondolewa, na nyingine 70 hivi zikaongezewa tamko la hakimiliki la USL.

Hata hivyo sharti la kukiri lilizaa taabu yake. Lilitaka kila tangazo la biashara litakalotaja sifa za programu litaje chuo pia. Wengine waliliiga wakatia majina yao wenyewe, hata Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alipolihesabu toleo moja la mfumo wa NetBSD la mwaka 1997 alikuta shukrani za namna hiyo 75. Tangazo gani lingebeba orodha hiyo? Mwezi wa Julai 1999 chuo kikalifuta sharti la matangazo. Tamko la hakimiliki lilibaki, na majina ya wachangiaji ndani ya faili hayakuguswa.