Presha, Upepo, Kanieneo: Maneno ya Moto wa Gesi

Mpigie simu fundi wa Garsen umwambie "gesi yangu haiwaki", na kabla hajashika spana atakuhoji. Imekataa kabisa, mama, au inashika kisha inazimika? Ni ya kilo 6 au ni ile ya mpira? Ukiuinua mtungi ni mzito? Kuna harufu? Maswali haya yote yanatokana na neno moja lililobebeshwa mzigo mkubwa mno. Mtungi tunauita gesi. Jiko tunaliita gesi. Kilichomo mtungini ni gesi, na hata moto nao ni gesi pale tunapomwambia mtoto apunguze gesi maziwa yasifurike. Mtu akisema gesi imeharibika, fundi hana pa kuanzia: gesi yenyewe haiozi wala haichachi, kwa hiyo kilichoharibika bado hakijatajwa.

Huku Tana River chakula kingi bado kinaivishwa kwa kuni, na kwa makaa ya mathenge, ule mti ulioletwa Bura na Hola miaka ya 1980 ukaenea hadi mashambani na malishoni. Lakini Minjila, penye njia panda ya Lamu, wapo wenye hoteli wanaokaanga mahamri kwa gesi, na majumbani mtungi wa kilo 6 wenye bana juu yake umeingia kwa jina la meko. Jina hili nalipenda. Kwa wazee meko ni wingi wa jiko. Leo Mkenya anasema "meko yangu imeisha", na neno limehama ngeli pasipo kikao cha baraza lolote. Walimu wa sarufi wanalikemea. Mimi naona limefanya kazi ambayo neno gesi limeshindwa kuifanya: meko ni chombo kimoja mahususi, mtungi uliofungwa bana moja kwa moja, hauna mpira wala regyuleta, na fundi akilisikia anajua papo hapo aanze kukagua wapi.

Kwa moto wa kuni Kiswahili kimeshiba. Tunakoka moto, tunauchochea, tunapalia makaa kwa jirani, zamani tulipekecha. Kuna kijinga, cheche, ndimi, jivu na masizi. Chungu tunakiinjika, kikiiva tunakiipua. Maneno haya yametoka machoni na mikononi, maana kwenye mafiga nguvu ya moto huonekana yote: ukitaka moto mkali unasukuma kuni ndani, ukitaka mdogo unazivuta nje. Gesi imetenganisha moto na nguvu yake. Nguvu imefungiwa ndani ya chuma, haina rangi wala sura, na hapo ndipo lugha yetu inapoanza kutawanyika.

Kijana wa bodaboda akijaza tairi anasema upepo. Daktari anasema shinikizo la damu, mgonjwa anasema presha. Watabiri wa hali ya hewa wanasema mgandamizo. Wanafizikia wa Dar es Salaam wanasema kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunga kani na eneo. Fundi wa gesi anasema presha mchana kutwa, ila akimweleza bibi mwenye nyumba husema "nguvu ya gesi" au "msukumo". Ni dhana ileile moja yenye majina saba, na kila jina lina kijiji chake.

Naliheshimu neno kanieneo kuliko wengi wanaolicheka. Limebeba hesabu yake tumboni: kani gawanya kwa eneo. Mwanafunzi akilijua hahitaji kukariri kanuni. Jikoni, hata hivyo, swali ni tofauti. Fundi anahitaji neno litakalotenga presha mbili, ya mtungini na ya kwenye bana, kwa kuwa tofauti yake ni kubwa kupita kiasi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Katika joto la nyuzi 35, ambalo Garsen si ajabu, butani peke yake husukuma kwa nguvu inayozidi mara 3 ya hewa inayotuzunguka, na propani peke yake karibu mara 12. Mchanganyiko huwa katikati. Jiko la mezani lenyewe linataka milibari 30 hivi, yaani asilimia 3 tu juu ya nguvu ya hewa.

Kinachofanya kazi ya kushusha presha ya mtungini ni regyuleta, na hili ni neno ambalo nisingependa liondolewe. Wengine wanapendekeza kidhibiti. Kidhibiti cha nini? Swichi ni kidhibiti, breki ni kidhibiti, koki ya jiko ni kidhibiti. Regyuleta ni kile kidude cha pale kwenye shingo ya mtungi, basi. Kiswahili cha asili kingefaa zaidi kuingia ndani yake, maana mle mna utando wa mpira uliokazwa kama ngozi, unaopanda na kushuka gesi inapousukuma. Sisi watu wa ngoma tuna kitenzi kuwamba, na kutoka humo kiwambo. Mwambie mwanafunzi wa ufundi kwamba ndani ya regyuleta kuna kiwambo, na mkono wake utajua: kimekazwa, kinapokea mapigo, kikichanika hakilii tena. Juu yake kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Mchwa au matope yakikiziba, kiwambo hakipumui vizuri na moto unakosa utulivu. Katika mji unaofikiwa na mafuriko ya Tana, kitundu hicho kinastahili kutajwa kwa jina.

Namna ya kupima ndiyo inayonivutia kuliko yote. Fundi asiye na geji huchukua mpira mwembamba unaoonyesha, akaukunja mithili ya herufi U, akautia maji. Upande mmoja anauunganisha na bomba la gesi baada ya regyuleta, upande wa pili unabaki wazi. Akifungua, maji yanashuka huku na kupanda kule. Anapima kwa rula tofauti ya kimo: ikiwa sentimita 30 hivi, regyuleta iko sawa. Milibari moja ni takriban sentimita moja ya maji, kwa hiyo presha ya jiko inasomeka kwa rula ya mtoto wa shule. Kisha anawasha bana zote na kutazama tena, maana regyuleta mbovu huonyesha kipimo kizuri jiko likiwa limezimwa na kuporomoka linapoanza kazi. Ikikosea, haifunguliwi kuchokorwa. Regyuleta ya nyumbani hubadilishwa. Kinachorekebishwa ni tundu la hewa chini ya bana, na tundu la gesi huzibuliwa taratibu lisije likapanuka.

Baada ya hapo moto wenyewe ndio unaosema. Moto wa buluu uliotulia ni mzima. Wa manjano, unaopaka sufuria masizi, umekosa hewa. Moto ukiinuka juu ya bana na kuvuma, mafundi husema "unaruka": gesi inatoka kwa kasi kuliko moto unavyoweza kuifuata, au hewa imezidi. Ukiingia chini na kuwakia ndani ya bana, husema "umerudi". Kuruka na kurudi: vitenzi viwili vya kila siku, na kitabu kizima cha ufundi hakijapata vilivyo wazi zaidi.

Kuhusu kuwasha, lugha ina hazina iliyofichika. Kiberiti asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni salfa. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiswahili kiberiti kinanyesha juu ya Sodoma bila kijiti wala kisanduku. Gesi ya kupikia haina harufu inayoweza kumwonya mpishi, hivyo hutiwa kemikali yenye salfa, na ile harufu ya kuoza tunayoijua ni ya salfa hiyo. Basi ukinusa gesi inavuja umekinusa kiberiti cha zamani, na hicho kinakuambia usiguse kiberiti cha leo. Fungua mlango na madirisha, funga koki ya mtungi, usibonyeze swichi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni. Palipovuja panatafutwa kwa povu la sabuni.

Majiko mapya yana kitufe kinachotoa cheche kwa kugonga kipande kigumu kilichofichwa ndani, kazi ya umeme wa mgandamizo walioueleza ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Watu wanakiita "otomatiki", neno lisiloeleza lolote. Wazee walikuwa na gumegume, jiwe la kugonga likatoa cheche. Kitufe kikigoma, mara nyingi ni mafuta ya kukaangia yaliyoganda kwenye ncha, au waya uliolegea, na mwenye jiko akiweza kusema "cheche hazitoki" badala ya "gesi haiwaki", fundi wa Garsen atajua aache mtungi na regyuleta, aje na kitambaa na bisibisi.