Mwanya wa Meno: Istilahi kwa Wanaofungua Difu

Kwetu mwanya ni pambo. Mtu mwenye uwazi mwembamba kati ya meno mawili ya mbele husifiwa kila anapocheka. Pengo ni habari nyingine: hapo jino limeng'oka au limevunjika. Na jino likianza kucheza, mwenyewe anajua kwamba mzizi umelegea. Hali tatu, maneno matatu, na hata mtoto hayachanganyi. Naomba maneno hayo tuyapeleke chini ya gari, kwenye difu, kwa sababu huko tunayahitaji na bado hatujayatumia sawasawa.

Tuchukue Ford Mustang ya Marekani, ile ya V8 ya lita 5.0 iliyouzwa kati ya 1987 na 1993. Nyingi zilitoka kiwandani na difu yenye uwiano wa 2.73, yaani propela huzunguka mara 2.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano huo unabana mafuta kwenye barabara kuu, lakini gari huondoka kwa uzito. Ndiyo maana wapenzi wa mbio za robo maili huitoa seti ya gia zake, yaani krauni na pinioni, wakaweka ya 3.73: krauni ya meno 41, pinioni ya meno 11. Gawanya 41 kwa 11 utaipata. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 1,800 kwa dakika kwenye mwendo fulani sasa itazunguka kama mara 2,460 kwa mwendo uleule, gia ileile. Gari linachomoka, na gharama yake ni mafuta na kelele za safari ndefu.

Neno "uwiano" limeshakaa vizuri katika Kiswahili na halina mgogoro. Mgogoro huanza baada ya gia mpya kuingia ndani ya difu, pale mwongozo wa Kiingereza unapomtaka fundi apime "backlash".

Jambo lenyewe ni hili. Zuia pinioni isizunguke, kisha ishike krauni uitikise kwa vidole, mbele na nyuma. Itasogea kidogo sana kabla jino lake halijagusa jino la pinioni, na utasikia mgongano mdogo wa chuma kwa chuma. Umbali huo mdogo ndio unaopimwa. Kwa ekseli ya Mustang hiyo, ambayo krauni yake ina kipenyo cha inchi 8.8, umbali unaokubalika ni kati ya inchi 0.008 na 0.015, sawa na milimita 0.20 hadi 0.38. Karatasi ya daftari ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia karatasi mbili, au tatu na ushee.

Uwazi huo umewekwa kwa makusudi. Oili lazima ipate pa kupita kati ya meno, na chuma kikipata joto hutanuka. Meno yaliyobanwa bila nafasi hukosa utando wa oili, huvuma, huchemka na kuungua. Uwazi ukizidi, nao, kila ukikanyaga na kuachia mafuta meno hugongana kwa kishindo, na siku moja jino hukatika. Hapo ndipo pengo linapozaliwa.

Sasa uwazi huo tuuite nini? Gereji nyingi zina jibu tayari: "inacheza", au "ina plei". Silidharau neno hilo, maana ni la watu wa kazi. Lakini kwa sikio la Kiswahili, kitu kinachocheza ni kibovu. Beringi ikicheza hubadilishwa, usukani ukicheza hutengenezwa. Kijana anayejifunza kazi akisikia difu inacheza, mkono wake utakwenda kwenye spana ili akaze mpaka mchezo uishe, na akifaulu atakuwa ameziua gia mpya kabla hazijatembea. "Ulegevu" una ugonjwa huohuo. "Nafasi" haina lawama, ila ni pana mno: nafasi ya kazi, nafasi ya kukaa, nafasi ya kupumua. Kulipasua neno la Kiingereza vipande viwili na kutafsiri kila kipande kutatupa kitu ambacho hakuna fundi atakayekitambua.

Mimi nasimama na "mwanya". Ni uwazi mwembamba, uko kwenye meno, na anayelisikia hawazi ubovu. Sifa yake imo katika kiasi: ukipanuka mno hausifiwi tena, ukiziba haupo. Fundi akiambiwa "acha mwanya", ataelewa kwamba kuna kitu kizuri cha kulindwa, na swali litakalomjia ni la kipimo: mwanya wa kiasi gani?

Mtu makini atanipinga kwamba mwanya wa kinywani uko kati ya meno jirani ya ufizi mmoja, ilhali huu wa difu uko kati ya jino la krauni na jino la pinioni. Pingamizi hilo lina haki. Kwa vitabu na mitaala napendekeza jina kamili, "mwanya wa mshikano", kwa kuwa hupatikana pale gia mbili zinaposhikana. Uwazi ulio kati ya jino na jino la gia moja tuuite "bonde", na kila kimoja kitakuwa na mahali pake. Gereji itabaki na "mwanya" tu, na itatosha.

Istilahi hupimwa kazini, basi tuitumie katika maandalizi. Kabla ya kufungua chochote, kuwa na krauni na pinioni mpya, beringi mpya, sili, nati ya pinioni, na kile kibomba kifupi cha chuma kinachobonyea pinioni inapokazwa, ambacho hakirudiwi. Kuwa na seti ya shimu, geji yenye uso kama wa saa, pasta ya kupaka meno, oili ya difu, na ile dawa yake ya nyongeza ikiwa difu ina klachi za kuzuia gurudumu moja kuteleza. Vifuniko vya beringi vitie alama ya kushoto na kulia, maana kila kimoja kilichongwa pamoja na upande wake. Shimu za kila upande ziweke mbali na za upande mwingine. Na kabla gia za zamani hazijatoka, pima mwanya wake uuandike. Namba hiyo itakuonyesha difu ilikuwa ikiishi vipi.

Gia mpya zikishaingia, kina cha pinioni hutangulia, na alama ya pasta kwenye meno ndiyo shahidi wake. Kisha ncha ya geji inaegeshwa juu ya jino la krauni, pinioni inazuiwa, krauni inatikiswa. Mwanya ukiwa mkubwa, shimu huhamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili krauni iisogelee pinioni. Jumla ya unene haibadiliki, hivyo mbano wa beringi hubaki uleule. Usipime sehemu moja ukaridhika. Zungusha krauni, pima tena mahali pengine, na pengine tena. Tofauti ikivuka inchi 0.004, krauni haikukaa sawa, pengine kwa chembe ya uchafu iliyobanwa chini yake. Fungua, safisha, rudia.

Baada ya hapo gari liendeshwe taratibu, lipumzike lipoe, na kwa kilomita 800 hivi za kwanza lisivutishwe mzigo wala kushindanishwa. Kisha oili imwagwe, kwani imebeba unga wa chuma wa meno yaliyokuwa yakizoeana.

Fundi akifunga kifuniko cha difu, daftari lake liwe na mistari miwili. Wa juu, ulioandikwa kabla ya kazi: "Mwanya wa zamani, milimita 0.41." Wa chini: "Mwanya mpya, milimita 0.28, sehemu nne." Atakayeifungua difu hiyo miaka ijayo ataisoma mistari hiyo kwa Kiswahili, na hatahitaji kuuliza kama 0.28 ni ubovu.