Sukari inaposhuka na daktari akapuuza: Anachofaa kufanya mgonjwa wa kisukari

MGONJWA wa kisukari hushtuka saa tisa usiku akitokwa na jasho, mikono ikitetemeka. Hunywa maji yenye sukari, akapata nafuu na kulala. Asubuhi hufika kliniki mjini Eldoret, akapimwa, na mashine ikaonyesha kuwa sukari iko juu. Anapoeleza yaliyomfika usiku, huenda akaambiwa ni wasiwasi tu, kisha dozi yake ikaongezwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kipimo cha kliniki hueleza hali ya wakati ule tu wala hakikanushi kilichotokea saa chache kabla. Hata kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kinaweza kuridhisha ilhali sukari ya mgonjwa hupanda na kushuka kila siku.

Dalili na sababu

Kwa anayetumia dawa za kisukari, sukari huhesabiwa kuwa imeshuka inapokuwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Ikiwa chini ya 3.0, ubongo huanza kuathirika: mgonjwa huweza kuchanganyikiwa, kuongea kama mlevi, kupatwa na kifafa au kuzirai. Walioishi na maradhi haya kwa miaka mingi huenda wasihisi dalili za mapema, na jamaa wakawa wa kwanza kuzitambua.

Sababu kuu ni insulini na vidonge vya aina ya glibenklamaidi, ambavyo Shirika la Afya Duniani (WHO) husema havifai kwa waliozidi umri wa miaka 60. Hatari huongezeka figo zikidhoofika, mgonjwa akinywa pombe bila kula, au akifanya kazi nzito shambani. Wapo pia wanaosafiri alfajiri kutoka Nandi au Elgeyo Marakwet, wakajidunga sindano kisha wakakaa foleni na njaa wakisubiri kupimwa.

Ushahidi wa daftari

Mnamo 1938, daktari Mmarekani Allen Whipple alieleza vigezo vitatu vya kuthibitisha hali hii: dalili zenyewe, kipimo cha chini wakati wa dalili hizo, na nafuu baada ya sukari kupanda. Mgonjwa anaweza kuvinakili vyote vitatu kwenye daftari. Aandike tarehe, saa, kipimo, chakula cha mwisho, dozi aliyotumia, alichokula ili kujisaidia na kipimo kilichofuata. Aliyemwona akichanganyikiwa aandamane naye kliniki.

Ombi kwa daktari nalo liwe wazi: dozi ipitiwe upya, figo zipimwe, na malalamiko yaandikwe kwenye faili. Ni vigumu zaidi kupuuza usiku tatu zilizoandikwa kuliko kauli kwamba “nilihisi vibaya.” Si ajabu kwamba mpango wa AMPATH, unaoshirikiana na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), uliwahi kuwapa baadhi ya wagonjwa wa insulini mashine za kujipimia nyumbani na kuwapigia simu ili kufuatilia vipimo vyao.

Hata hivyo, mgonjwa asiache insulini kwa hiari yake. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kufanya hivyo kunaweza kumuua kwa siku chache.

Haki za mgonjwa

Daktari akishikilia msimamo wake, mgonjwa ana haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, kulingana na Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa 2013. Sheria ya Afya ya 2017 humruhusu kuwasilisha malalamiko na yachunguzwe. Anaweza kuanza kwa msimamizi wa hospitali, kisha Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Aidha, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna anayefaa kunyimwa matibabu ya dharura.

Huduma ya kwanza

Mgonjwa aliye na fahamu apewe gramu 15 za sukari: vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, au nusu ya chupa ya mililita 300 ya soda yenye sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama sukari ingali chini, arudie. Kisha ale chakula. Aliyezirai asitiliwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitalini. Anayetumia glibenklamaidi afikishwe huko hata akizinduka, kwa kuwa sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mgonjwa aliyesema na kuandika hakuficha. Wajibu uliosalia ni wa anayemsikiliza.