Vifaa vya Ukarabati wa Nyumba za Mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar

Ukarabati wa nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kazi ya kurudisha uimara wa jengo la zamani na wakati huohuo kulipatia huduma ambazo wakazi wa leo wanazihitaji, kama vile umeme, maji ya bomba na vyoo vya ndani, bila kuvuruga mfumo wa ujenzi ulioliwezesha kusimama kwa zaidi ya karne moja. Sehemu ngumu ya kazi hiyo ni uteuzi wa vifaa, kwa sababu bidhaa nyingi zinazouzwa madukani, saruji ikiwa ya kwanza, hutengenezwa kwa ajili ya nyumba za matofali na zege, ilhali nyumba ya mawe imeundwa kwa matumbawe, chokaa na boriti, vitu ambavyo huchukuliana na maji, chumvi na joto kwa namna nyingine kabisa. Kanuni inayotawala uteuzi huo ni kwamba kifaa kipya kisiwe kigumu kuliko ukuta unaokipokea, na kisizuie unyevu kutoka.

Maumbile ya jengo

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19, wakati Zanzibar ilipokuwa makao ya masultani wa ukoo wa Busaidi na soko kuu la karafuu na biashara ya Bahari ya Hindi. Kuta zake ni za vipande vya matumbawe visivyo na umbo moja, vilivyochimbwa ardhini na kupangwa ndani ya udongo mwingi wa kujengea, yaani mchanganyiko wa chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu. Unene wa ukuta kwa kawaida hufikia nusu mita au zaidi, na kwa kuwa mawe hayo yana matundu madogo mengi, ukuta hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa polepole yakiwa mvuke kupitia plasta ya chokaa. Upana wa vyumba nao hupimwa na urefu wa boriti, ambao ni karibu mita 3, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba hata katika majumba ya matajiri.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na jengo lililokusudiwa familia moja likaanza kukaliwa na familia kadhaa, kila moja ikihitaji jiko lake na mahali pa kuogea. Majiko na vyoo vikaongezwa juu ya sakafu ambazo hazikuwahi kubeba mabomba, huku matengenezo ya kila mwaka yakipungua. Katika kipindi hichohicho saruji ilizidi kupatikana, kwani kiwanda cha Wazo Hill, nje kidogo ya Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966, na mfuko wa saruji ukawa jibu la haraka kwa kila ufa. Serikali ilianzisha mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe mwaka 1985, mpango mkuu wa hifadhi ukaandaliwa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Chokaa na saruji

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuri, ambalo kwa desturi ya pwani ni rundo la magogo lililopangwa kwa duara na mawe kuwekwa juu yake. Joto likifika kiasi cha nyuzi 900 za selsiasi, mawe hupoteza gesi ya kaboni dioksidi na kubaki chokaa hai, ambayo huunguza ngozi na macho na hivyo humlazimu fundi kuvaa glavu na miwani. Chokaa hai inapomwagiwa maji, hatua inayoitwa kuzima chokaa, hufura, hutoa joto jingi na kugeuka unga au uji mzito, na uji huo ukiachwa shimoni chini ya maji kwa wiki kadhaa au miezi huwa laini na wenye kunata vizuri zaidi. Ikishapakwa ukutani, chokaa hufyonza tena kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi polepole katika hali ya jiwe, kwa hiyo ukuta na plasta yake huwa vitu vya asili moja.

Saruji hukauka upesi, ni ngumu, na haipitishi mvuke kwa urahisi, sifa ambazo ni neema katika nyumba ya zege lakini ni maradhi katika nyumba ya matumbawe. Ukuta wa mawe na chokaa hutikisika na kutulia kidogo kidogo kadiri majira yanavyobadilika. Plasta ya chokaa huufuata mwendo huo, ilhali plasta ya saruji hupasuka. Maji ya mvua huingia kupitia nyufa hizo, na kwa kuwa hayana pa kutokea, hupanda juu ndani ya ukuta yakiwa yamebeba chumvi. Chumvi hiyo hugandia nyuma ya plasta, ikaisukuma na hatimaye kuiangusha pamoja na uso wa jiwe, na unyevu unaoendelea kupanda hufika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani na kuziozesha. Mwenye nyumba huona plasta ikidondoka na kuongeza saruji zaidi, na hivyo kuuongezea ukuta maradhi yaleyale aliyokusudia kuyatibu. Nondo zinazopachikwa katika ukuta wenye chumvi huleta madhara ya namna hiyohiyo, kwa kuwa chuma kikishika kutu hutanuka na kuyapasua mawe yanayokizunguka.

Kwa sababu hizo plasta inayofaa ni ya chokaa, ambayo kwa kawaida huchanganywa kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mchanga uwe msafi, wenye chembe za ukubwa tofauti, na usiwe wa pwani usiooshwa, kwani huo huleta chumvi mpya ndani ya ukuta. Plasta hupakwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likisubiriwa lishike kabla ya jingine, na uso wake hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiukaushe kwa ghafla. Mahali penye maji mengi, kama kwenye mabirika na bafu, unga wa matofali ya kuchoma huongezwa kwenye chokaa ili ishike hata ikiwa katika unyevu. Plasta ya zamani ya saruji ikibanduliwa, ukuta huachwa wazi ukauke kwa muda wa kutosha, hata kama mwenye nyumba ana haraka, kwa kuwa plasta mpya juu ya ukuta uliolowa haidumu.

Boriti na sakafu

Boriti ni mti mnyoofu wa mkoko unaokatwa katika misitu ya bahari, hasa katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, na ambao kwa karne nyingi ulisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti ya kujengea. Katika sakafu ya jadi boriti hupangwa karibukaribu kutoka ukuta hadi ukuta, mawe bapa hulazwa juu yake, kisha zege la chokaa humiminwa na kupigwapigwa hadi lishikane. Sakafu ya namna hiyo ni nene na nzito, lakini uzito wake umezoeleana na kuta, na madhara yakitokea kwa kawaida huanzia kwenye ncha za boriti, mahali ambapo mti hukutana na ukuta wenye unyevu.

Uteuzi wa kwanza ni kuamua boriti zipi zinabaki, kwa kuwa boriti nzima za zamani mara nyingi ni imara kuliko zinazoweza kununuliwa. Zilizooza hubadilishwa moja moja baada ya sakafu kutegemezwa kwa nguzo za muda. Misitu ya mikoko sasa hulindwa, kwani ni mazalia ya samaki na kinga ya ufuo dhidi ya mawimbi, hivyo ukataji wake huhitaji kibali, na mahali ambapo boriti halali hazipatikani mafundi hutumia mbao ngumu zilizotiwa dawa ya mchwa. Kubomoa sakafu nzima na kumwaga zege lenye nondo ni uamuzi wa hatari, kwa sababu zege hilo ni gumu kuliko kuta zinazolibeba, nondo zake hukaa karibu na chumvi, na nyumba zilizoshikamana hutegemeana, kwa hiyo mtikisiko wa moja huifikia ya jirani. Madhara ya jengo la zamani kuporomoka yalionekana Desemba 2020, wakati sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash bin Said mwaka 1883, ilipoporomoka likiwa katika ukarabati na watu wakapoteza maisha.

Paa na njia za maji

Paa ndilo kifaa kinachoamua umri wa vifaa vingine vyote. Nyumba nyingi zilikuwa na dari tambarare la chokaa, ambalo baadaye lilifunikwa kwa kenchi na mabati kwa sababu ya mvua za masika na vuli. Mabati huuzwa kwa kipimo cha geji, ambapo namba ndogo huonyesha bati nene zaidi, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 30. Na kwa kuwa hewa ya bahari hula chuma kwa kasi, bati nene lenye rangi ya kiwandani, au la aluminiamu, huokoa fedha katika muda mrefu hata kama bei yake ya dukani ni kubwa. Misumari na skurubu ziwe za madini yanayopatana na bati, kwa kuwa chuma cha kawaida kikigusana na aluminiamu mbele ya maji ya chumvi huharakisha ulikaji. Mifereji ya paa iwe mipana na iyapeleke maji hadi kwenye mtaro wa mtaani, na vijimiti vinavyoota katika nyufa ving'olewe mapema kabla mizizi yake haijayatenganisha mawe.

Mabomba, vyoo na umeme

Maji ya bomba yaliingia mjini Zanzibar katika utawala wa Sultan Barghash, kati ya miaka 1870 na 1888, lakini nyumba zilizokuwepo hazikujengwa kwa kuyatarajia. Bomba lililofukiwa ukutani likivuja, uvujaji hugunduliwa baada ya ukuta kulowa kwa muda mrefu. Kwa hiyo mabomba hupitishwa nje ya ukuta, mahali pa kuonekana, na kufungwa kwa vishikizo vinavyoweza kufunguliwa. Vyoo na bafu vya ghorofa mbalimbali hupangwa kimoja juu ya kingine, karibu na ukuta wa nje, ili bomba la maji machafu lishuke moja kwa moja. Sakafu ya bafu huhitaji tabaka la kuzuia maji chini ya vigae na mteremko unaoelekea kwenye tundu la kutolea maji, kwa kuwa vigae vyenyewe havizuii maji kupenya kwenye maungio yao. Koki za shaba nzito hustahimili hewa ya chumvi kuliko za madini mepesi yaliyopakwa mng'aro.

Tangi la maji linahitaji hesabu ya uzito kabla ya hesabu ya bei. Lita 1,000 za maji ni tani moja, na mzigo huo ukiwekwa katikati ya sakafu ya boriti unaweza kuipindisha. Mahali pake ni chini, pamoja na pampu, au juu ya makutano ya kuta nene. Kiyoyozi nacho hutoa maji ambayo lazima yaelekezwe kwenye mfereji badala ya kudondokea ukuta. Nyaya za umeme hupitishwa ndani ya paipu za plastiki juu ya uso wa ukuta, pamoja na waya wa kutuliza umeme ardhini na sakiti breka, ili kuepuka kuchimba mawe na kupunguza hatari ya moto penye boriti kavu.

Milango, madirisha na rangi

Mlango wa Zanzibar huwa na mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, yaani ubao wa kati unaochongwa nakshi, na huzungukwa na miimo na kizingiti vyenye nakshi pia. Mbao zake ni ngumu, zikiwemo za mfenesi, na msaji ulioletwa kutoka Asia. Mwimo uliooza chini hukatwa sehemu ile tu na kuungwa mti wa aina ileile, kwani mlango mzima ukiondolewa historia ya nyumba huondoka nao. Madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha hewa huacha upepo wa kusi na kaskazi upite huku yakizuia jua, ilhali dirisha la aluminiamu la kusukuma huacha wazi nusu tu ya nafasi yake na kumlazimu mkazi kutegemea kiyoyozi.

Rangi ya mwisho ya ukuta ni maji ya chokaa, ambayo huruhusu mvuke kutoka na huweza kutiwa rangi asilia. Rangi za plastiki na za mafuta hung'aa zaidi siku za mwanzo, lakini huufunika ukuta wenye unyevu na kisha hufanya malengelenge na kubanduka.

Utaratibu wa maamuzi

Katika nyumba zilizo chini ya mamlaka ya hifadhi, zikiwemo nyingi za wakfu, kibali hutangulia ununuzi, kwa kuwa kifaa kilichokataliwa baada ya kununuliwa ni hasara mara mbili. Baada ya kibali, fedha hufuata njia ya maji: kwanza paa na mifereji, kisha mabomba na mitaro, kisha boriti na kuta, na mwisho plasta, rangi, vigae na taa. Mpangilio huo huwaudhi wengi kwa kuwa kazi za mwanzo hazionekani na wageni, lakini ndio unaolinda gharama zote zinazofuata, kwani hakuna umaliziaji unaodumu chini ya paa linalovuja. Aliyetumia akiba yake kwa vigae na madirisha kabla ya paa hulazimika kuvivunja au kuvirudia, wakati aliyeanza na paa anaweza kuongeza vilivyobaki mwaka baada ya mwaka kadiri anavyojaliwa, na kumpa fundi wa chokaa muda ambao kazi yake haiwezi kufanyika bila huo.